Doria na Mbiu: Uhakiki wa Maneno ya Kungojea Katika Kazi ya Kompyuta

Nia ya makala haya ni kulihakiki neno moja. Neno hilo ni la Kiingereza, nalo ni "poll". Hutumiwa sana na wale watungao programu za ndani za kompyuta, yaani zile zinazosemezana na mfumo endeshi wenyewe kabla mtumiaji hajaona chochote kwenye kioo. Kwa Kiswahili neno hilo halijapata makao. Wengine hulitamka vivyo hivyo kwa Kiingereza. Wengine, wakifuata kamusi, huliita kura. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza kwa haki: jambo hilo latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu neno hilo, hata katika lugha yake yenyewe, limebeba maana mbili zinazopingana, na mwenye kulichukua kama lilivyo hulichukua pamoja na kasoro yake. Kasoro hiyo si ya sarufi tu. Huharibu kazi.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha zamani "poll" ilikuwa na maana ya kichwa. Kutoka hapo ikawa kuhesabu watu kichwa kwa kichwa, kisha ikawa kupiga kura. Waundaji wa kompyuta walipolichukua neno hili hawakuwa na habari ya uchaguzi. Walikuwa na mashine moja kubwa iliyounganishwa kwa nyaya na vituo vingi, na mashine ile ilikuwa ikiviuliza vituo kimoja kimoja kwa zamu: je, una neno la kuleta? Basi maana iliyoingia katika kompyuta ni jamaa ya kuita majina, kama mwalimu aitavyo mahudhurio asubuhi, wala si jamaa ya sanduku la kura. Mfasiri aandikaye kwamba programu "inapigia faili kura" amelishika tawi lisilo lake. Msomaji atadhani kwamba mafaili kadhaa yanashindanishwa ili moja lichaguliwe.

Lakini kumkosoa mfasiri huyo ni kazi rahisi, na haitoshi. Tabu kubwa zaidi iko katika neno lenyewe, na ili tuione yafaa tuziweke mbele yetu namna mbalimbali za kungojea. Tuchukue mfano wa Himo. Mji huu uko kiasi cha kilomita 27 mashariki ya Moshi, penye njia panda: barabara moja yapanda Marangu mlimani, nyingine yaenda Holili na kuvuka mpaka hadi Taveta, ya tatu yashuka kuelekea Same na kuendelea hadi Dar es Salaam, na ya nne yarudi Moshi. Mahali kama hapo kungojea ni sehemu ya maisha, na Kiswahili kisemwacho hapo kina maneno ya kutosha kwa kila namna ya kungojea.

Mtu wa kwanza ni mwenye duka. Kila baada ya robo saa huacha duka lake akaenda kituoni kutazama kama gari limefika. Asipoliona hurudi, na baada ya robo saa nyingine huenda tena. Mtu wa pili hukaa kituoni akasinzia, baada ya kumwambia mpiga debe: "Nakwenda Same, lakini hata gari la Holili litanifaa, lolote likiwa tayari, niamshe." Mtu wa tatu hasafiri. Humkabidhi kondakta mzigo, akarudi kwenye shughuli zake, na jioni hupigiwa simu kwamba mzigo umepokelewa Dar es Salaam. Mtu wa nne hana safari wala mzigo. Yeye ataka kujua mabadiliko ya sokoni tu, na amemwacha kijana huko wa kumletea habari kila bei inapopanda au kushuka.

Watu hawa wanne wote wangoja, wala hakuna mwenyeji wa Himo atakayewachanganya. Wa kwanza huchungulia. Wa pili huamshwa. Wa tatu huletewa jibu la kazi aliyoiagiza. Wa nne hupashwa habari. Kiingereza cha kompyuta, hata hivyo, humwita mtu wa kwanza na mtu wa pili kwa neno lile lile, ingawa mmoja hachoki kwenda na kurudi na mwingine amelala usingizi. Hapo ndipo penye kasoro tuliyoitaja.

Tuitazame historia kwa ufupi. Mwaka 1983 mfumo wa Unix uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD, ulitoa wito uitwao "select". Miaka hiyo hiyo ya 1980 Unix ya upande wa pili, ile ya System V, ikatoa wito wake uitwao "poll". Kazi ya wito hizi mbili ni moja: programu hutoa orodha ya njia zake za kupokea na kupeleka habari, ikasema, "Yoyote itakayokuwa tayari, niamshe," kisha hulala. Mfumo endeshi ndio unaokesha. Kwa hiyo wito uliopewa jina la kuulizauliza ndio hasa uliotungwa ili programu isiulizeulize. Ni mtu wa pili aliyepewa jina la mtu wa kwanza. Mwanafunzi anayelifasiri jina hilo kwa uaminifu atakielewa kitu kinyume chake, na kadiri atakavyokuwa mwaminifu ndivyo atakavyokosea.

Tofauti za mifumo endeshi huanza hapo, na huonekana wazi zaidi pale programu inapoulizia faili la kawaida lililo kwenye diski. Soketi ya mtandao au bomba la kupitishia habari kati ya programu mbili vyaweza kuwa tupu sasa na kuwa na kitu baadaye, kwa hiyo swali la utayari lina maana. Faili la diski halina hali hiyo. Lipo wakati wote. Kanuni za POSIX zasema kwamba faili la kawaida lihesabiwe kuwa tayari daima, kwa kusoma na kwa kuandika. Basi kuuliza "select" au "poll" habari za faili ni kama kumwuliza mpiga debe iwapo Mlima Kilimanjaro umekwisha kufika kituoni. Atajibu kwamba umefika, na jibu lake ni la kweli, lakini halina faida kwa msafiri. Halimwambii kama diski ina haraka au imechoka, wala kama kuna maneno mapya yaliyoandikwa ndani ya faili.

Mifumo mingine hujibu vingine. Linux ilipata mwaka 2002 njia mpya iitwayo "epoll", ambayo hulikataa faili la kawaida papo hapo na kurudisha kosa la kutoruhusiwa. FreeBSD ilipata mwaka 2000 njia iitwayo "kqueue", ambayo hata macOS huitumia. Hiyo husema kwamba faili li tayari kusomwa madhali msomaji hajafika mwisho wake. Na Windows, iliyo na "select" ya jina lile lile, huikubali soketi tu; ukiipa faili huikataa. Tazama basi: swali moja, majibu manne. Mmoja asema "tayari daima", wa pili asema "hairuhusiwi kuuliza", wa tatu asema "tayari mpaka mwisho", na wa nne asema "sikijui kitu hicho". Mtungaji wa programu aliyejifunza kwenye mfumo mmoja tu, naye ameshika neno tu bila kushika maana, atashangaa kazi yake inapohamia kwenye mfumo wa pili.

Windows yastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa haikuufuata mwendo wa mtu wa pili bali wa mtu wa tatu. Tangu Windows NT 3.5 ya mwaka 1994, njia yake kuu ya kazi nyingi kwa pamoja ni kuagiza kwanza na kuarifiwa baadaye. Programu haiulizi kama faili li tayari. Husema, "Nisomee sehemu hii, uiweke hapa," ikaendelea na mengine, na kazi ikiisha hupata jibu kwamba imekwisha. Mfumo wa kwanza humwambia msafiri, "Gari li tayari, panda mwenyewe", huu wa pili humwambia mwenye mzigo, "Umekwisha kufika." Kwa Kiswahili chepesi, moja ni kungojea utayari, na nyingine ni kungojea stakabadhi. Anayeziita zote "kungoja" tu hajasema uongo, ila ameificha tofauti iliyo kubwa kuliko zote.

Sasa tumgeukie mtu wa nne, anayetaka kujua faili likibadilika. Hapa napo mifumo imeachana njia. Linux, tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, ina "inotify", ambayo huarifu juu ya faili au saraka uliyoitaja. Lakini haishuki yenyewe ndani ya saraka ndogo zilizomo, na kila moja yapaswa kuandikishwa kwa jina. "kqueue" hutaka kila faili linaloangaliwa liwe limefunguliwa, jambo ambalo ni mzigo mzito ikiwa mafaili ni maelfu. Apple ilitoa mwaka 2007 njia yake ya FSEvents, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ikitaja saraka iliyobadilika bila kulitaja faili lenyewe. Windows hukubali kuangalia saraka pamoja na vyote vilivyo chini yake. Ila habari zikija nyingi kupita nafasi iliyotengwa, nyingine hupotea. Hata "inotify" ina mpaka kama huo: foleni ikijaa, hutoa neno moja tu la kusema kwamba imejaa, na yaliyopita yamepita.

Tena kuna jambo moja linalozibana njia hizi. Faili likiwa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao, na likabadilishwa huko, "inotify" ya kompyuta yako haijui lolote. Mbiu imepigwa kijiji cha pili. Hapo hakuna budi kurudi kwa mtu wa kwanza: kwenda kutazama, kurudi, na kwenda tena.

Wengi hudhani kwamba njia hii ya mtu wa kwanza ni ya kijinga, wakaidharau. Si ya kijinga, ila ina hatari zake, na hatari hizo nazo hutofautiana. Anayekwenda kutazama aghalabu halisomi faili lote. Hutazama ukubwa wake na saa iliyoandikwa kwamba ndiyo ya kubadilishwa kwake mwisho. Saa hiyo haina usahihi ule ule kila mahali. Ext4 ya Linux huandika mpaka sehemu za nanosekunde. NTFS ya Windows huhesabu kwa vipande vya nanosekunde 100. HFS+ ya Apple iliishia kwenye sekunde moja. Na FAT, inayotumika hata leo kwenye diski nyingi ndogo za kuchomeka, huhesabu kwa sekunde mbili mbili.

Tuweke mfano. Duka la nafaka limeandika bei ya gunia la mahindi katika faili lililo kwenye diski ya FAT: 85000. Programu ya mizani imekwenda kutazama, ikaiona bei hiyo na saa yake. Katika sekunde ile ile karani anaisahihisha bei kuwa 95000. Tarakimu ni tano kama zilivyokuwa, kwa hiyo ukubwa wa faili haukubadilika. Saa nayo, kwa kuwa huhesabiwa kwa sekunde mbili, ni ile ile. Programu inarudi, inatazama, inaona hapana jipya. Nayo itaendelea kuuza kwa bei ya zamani mpaka mtu atakapoligusa faili tena. Programu hiyo hiyo kwenye ext4 ingaliligundua badiliko. Hapa hakuna aliyekosea hesabu. Aliyeitunga hakuambiwa tu kwamba "kutazama" kwa mfumo mmoja si "kutazama" kwa mwingine.

Watu wenye ujuzi wameyaona haya, na wamejaribu kuzifunika tofauti hizo kwa pazia moja. Mfano maarufu ni libuv, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya Node.js. Humo mna chombo kimoja cha kuarifiwa mabadiliko ya faili na kingine cha kwenda kutazama kila baada ya muda, na waliokitunga wamekiri wenyewe kwamba hicho cha pili hufanya kazi mahali ambapo cha kwanza hakiwezi. Huo ni uamuzi mzuri. Lakini tazama majina. Chombo cha kwenda kutazama huitwa "uv_fs_poll", na chombo cha tatu, kinachongojea utayari wa soketi hali kimelala, huitwa "uv_poll". Katika nyumba moja, mwenye kwenda na kurudi na mwenye kulala wamepewa jina moja la ukoo. Pazia limezifunika tofauti za mifumo, likaacha wazi mchafuko wa maneno.

Kwa maoni yangu, hapa Kiswahili kina nafasi ambayo si kila siku hupatikana. Kwa kawaida sisi hupokea istilahi zikiwa zimekwisha kupangwa, na kazi yetu ni kuzitafutia vifuniko. Hapa mpango wenyewe una kasoro, nasi hatujafungwa nao. Napendekeza maneno manne. La kwanza ni doria, kwa mtu wa kwanza: programu hupiga doria. Neno hili latokana na Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuzunguka, na ndani yake mna kwenda, kutazama, na kurudi kwa zamu. La pili ni kungojea utayari. La tatu ni kungojea stakabadhi. La nne ni mbiu, kwa mabadiliko yanayotangazwa na mfumo endeshi wenyewe; na kila Mswahili ajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Yapo ya kupinga, nami sipendi kuyapita. Doria yanuka bunduki na askari wa usiku, na askari mwema hageuzi saa zake kuwa desturi, ilhali programu huenda kwa saa zile zile. Kweli, lakini neno huzoea kazi mpya, na kiini chake, yaani kuzunguka na kukagua, kimebaki. Mbiu nayo husikiwa na kijiji kizima, na habari za mfumo endeshi huwafikia waliojiandikisha tu. Kwa sababu hiyo wengine watapenda taarifa. Nami nakubali kwamba taarifa ni neno safi, ila limekwisha kutumika kwa ripoti, kwa habari za redio, na kwa kila kiingiacho na kutokacho katika kompyuta. Neno lenye kazi nyingi kiasi hicho haliwezi kulinda mpaka. Tena mbiu ina sifa ambayo taarifa haina: hulia mara moja, na aliyekuwa mbali ameikosa. Ndivyo ilivyo foleni ya "inotify" ijaapo.

Watakuwapo pia wale watakaosema tulichukue neno la Kiingereza, tulitie irabu, liwe letu kama kompyuta na faili. Sina uadui na maneno ya kukopa. Faili ni kitu. Ukikipa jina lolote, chaendelea kuwa kile kile. Ng'ambo ya Holili vitabu vya shule aghalabu husema tarakilishi, na upande huu watu husema kompyuta, wala hakuna mashine iliyoharibika kwa ajili ya ugomvi huo. Lakini neno la tendo lasema nani afanya na nani afanyiwa. Kiswahili hulipambanua jambo hilo kwa viambishi vya kitenzi chenyewe: kuarifu, kuarifiwa, kuarifiana, kungoja, kungojea, kungojewa, kuuliza mara moja, na kuulizauliza. Kulitupa tawi hilo la lugha na kushika neno geni lisilojua nani amelala na nani anakesha ni kuibadili panga kwa kisu butu.

Jaribio la istilahi ni sentensi. Mwanafunzi aambiwe hivi: "Ikiwa mfumo hupiga mbiu, isikilize, ikiwa faili liko kwenye mashine nyingine, mbiu haitafika, basi piga doria, na ukipiga doria kwenye FAT, usiiamini saa, soma yaliyomo." Maneno hayo yaeleweka hata kwa mtu asiyewahi kuandika programu, na mwenye kuandika programu hupata humo kanuni tatu za kufanyia kazi. Yaleyale yakisemwa kwa "poll" kila mahali, hakuna atakayejua kama anaambiwa alale au aende.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka 1930, shida ilikuwa tahajia na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, shida ilikuwa maneno ya ofisi, ya sheria, na ya ujenzi wa taifa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara hiyo mtu akaweza kufungua, kuhifadhi na kuchapisha barua kwa Kiswahili. Zote ni kazi za kushukuriwa. Lakini maneno ya Jambo OpenOffice yalikuwa, kama ilivyopasa kazi ya namna hiyo, maneno ya mtu anayeitumia mashine. Maneno ya mtu anayeijenga yamebaki yakitafutwa, na mashirika yetu yasipoyatafuta, Kiswahili kitakuwa lugha ya kubonyezea vitufe vilivyotengenezwa katika lugha nyingine.

Katika shule za sekondari za Tanzania masomo haya yafundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa Himo atakutana na neno "poll" huko, atalikariri, na atafaulu mtihani. Swali ni kama ataelewa kwa nini programu yake, iliyokwenda vizuri kwenye Linux, imekataliwa na Windows. Akiwa amesikia hata mara moja kwamba kuna doria, kuna utayari, kuna stakabadhi na kuna mbiu, na kwamba kila mfumo endeshi umechagua katika hayo kwa namna yake, atajua pa kuanzia kutafuta. Maneno haya manne nayaleta mbele ya wataalamu yapimwe. Likionekana lililo bora kuliko mojawapo, na lichukue nafasi yake; sharti liwe moja tu, nalo ni kwamba mwenye kulala na mwenye kwenda wasiitwe tena kwa jina moja.